Mbele ya kununua kamera ya video, soma kartoni vizuri



Wamama wa likelemba moja wameniletea ulizo. Wanataka kutoa pesa ya pamoja wanunue kamera ya video, wapige arusi, komunyo ya kwanza na sherehe za mwisho wa mwaka wa masomo, ili pesa irudi na faida. Dukani wameonyeshwa kamera mbili. Moja ni mpya, ndogo, na kartoni yake imeandikwa 4K, piseli milioni 48, zumu mara 16. Ingine ni okazyo, imeandikwa Full HD tu, na bei yake ni karibu mara mbili. Wanauliza: namna gani ile yenye namba kubwa ndiyo ya bei ndogo?

Tufanye hesabu kidogo. Picha ya video inaundwa na vidoti, ndivyo vinaitwa piseli. Katika Full HD kuna vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zidisha: ni milioni 2 na kidogo. Katika 4K ni 3840 kwa 2160, yaani milioni 8 na kidogo. Basi, katika video, zile milioni 48 zinafanya kazi gani? Hazifanyi kazi. Kamera nyingi za bei ndogo zinachukua picha ndogo, kisha zinaitanua, sawasawa na kuongeza maji katika mchuzi. Sufuria inajaa, lakini utamu hauongezeki.

Zumu nayo ni hivyo. Kuna ile inayoandikwa "optique": vioo vya lensi vinasogea kweli, na mtu wa mbali anakaribia bila kuharibika. Kuna ile ya "numérique": kamera inakata kipande cha katikati cha picha na kukikuza. Ukiwa kwenye benchi ya nyuma ya kanisa, ile ya kwanza itakupa uso wa bibi arusi. Ile ya pili itakupa ukungu. Kama kartoni inasema "zumu mara 16" bila kuonyesha ni ya aina gani, mimi ninahesabu kwamba ni numérique mpaka muuzaji anionyeshe kinyume.

Lakini kwa kazi ya wamama hawa, jambo kubwa kuliko yote ni mwanga. Sherehe zetu zinaendelea mpaka usiku, mara nyingine salani na ampule moja. Nyuma ya lensi kuna kipande kinachopokea mwanga. Kikiwa kidogo sana, gizani picha inajaa chenga kama mchanga. Ukubwa wake unaandikwa kwa pouce katika karatasi ya maelezo: 1/5,8 ni kidogo kuliko 1/2,5, na kile cha pouce 1 ni kikubwa. (Waliosahau visehemu vya hesabu: namba ya chini ikikuwa kubwa, kipande kinakuwa kidogo.) Simu nyingi za leo zina kipande kikubwa kuliko hizo kamera ndogo. Kwa hiyo msitoe pesa ya likelemba kununua kitu ambacho simu ya mmoja wenu inakishinda.

Sauti: tazameni kama kuna tundu la kuingiza mikro ya nje. Ile ya ndani inasikia zaidi wale wanaosimama karibu, watoto na vikombe, kuliko mchungaji anayefungisha ndoa.

Kuhusu kadi ya memori, Full HD nzuri inakula karibu giga 10 kwa saa, na 4K mara nyingi inapita 25. Kadi ya giga 32 itawapa saa tatu hivi za Full HD, lakini karibu saa moja tu ya 4K. Kadi ya giga 128 inayouzwa bei ya mandazi, ijazeni yote nyumbani, kisha tazameni kama video ya mwisho inafunguka. Batri nayo, saa zilizoandikwa zinahesabiwa kamera ikienda bila kugusa kitu. Katika kazi ya kweli, kuwasha, kuzima, kuvuta zumu, mtapata karibu nusu. Ulizeni kama batri ya pili inapatikana hapa mjini, na ni bei gani.

Tena, umeme wetu wa Kongo ni wa hezi 50. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inapiga picha 30 au 60 kwa sekunde, na chini ya taa fulani mtaona mistari inapita kwenye picha. Ulizeni kama inaweza kuwekwa kwenye 25 au 50.

Mimi ningeelekea ile okazyo, kama inapita majaribio haya. Iwasheni dukani, mfunge pazia, mpige mama mmoja akiwa kwenye kona yenye giza, kisha mmoja aliye mbali barabarani, halafu mtazame kwenye televizyo au ordinatere, siyo kwenye kakioo kake kadogo, kwa sababu huko kila picha ni nzuri. Fungueni menyu mwone kama ina Kifaransa. Nyingi zilizotoka Japani zinasema Kijapani tu. Kama inatumia kaseti, iacheni, hata wakiwapa kwa nusu bei: kaseti zenyewe ni shida kupata.

Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yenu, rudini na pesa yenu.