Nani Kasema Pengo Ni Jambo Dogo?

Jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi, katika tungo na katika mazungumzo, kila nilipotaka kusema kwamba kitu cha kubandika hakishiki pahala pa kitu cha asili. Sikuwa na ugomvi nayo hata kidogo, mpaka mwaka jana, siku chache kabla ya kuandama Mfungo Sita, nilipotoka kwa daktari wa meno nimejiziba kitambaa mdomoni, na jino langu la mbele, la juu upande wa kulia, nimeliacha kule katika bakuli la chuma.

Jino lenyewe lilikuwa limepasuka mzizi. Hapakuwa na njia ya kulinusuru, na daktari hakunificha. Uchungu haukuwa kitu, kwani ganzi ilifanya kazi yake. Kilichonishinda ni kioo cha nyumbani. Sitii chumvi, msomaji: nilimwona mtu mwingine. Mdomo wa juu umefura, shavu limekwenda upande, na nilipojaribu kutabasamu nilimwona marehemu babu yangu akinitazama kutoka ndani ya kioo.

Jioni ile sikwenda barazani. Siku ya tatu nikajikaza nikaenda, mkono umefunika mdomo mithili ya mwari. Mzee mmoja, ambaye kwa umri ni kama ami yangu, akanikazia macho akasema: "Wewe ushaoa, ushazaa, ushajukuu. Wataka nini tena na meno? Au waposa?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, mkono uko pale pale mdomoni. Lakini usiku wa Maulidi, waliponisogezea kitabu nisome mlango wangu katika Barzanji kama ilivyo ada ya kila mwaka, nilisingizia kwamba koo limekauka. Mlango ule nausoma tangu ujana wangu. Akasoma mwengine, nami nikakaa nyuma karibu na viatu.

Basi asinambie mtu kwamba pengo ni jambo dogo.

Tangu siku hiyo nimeanza kuitazama mikono ya watu. Ni wengi mno wanaocheka wameinamisha kichwa, na wanawake wengi ambao pembe ya leso hupanda mdomoni kabla ya kicheko kutoka. Sisi huiita haya, tukawasifu. Wengine wana haya kweli. Wengine wana pengo.

Wako wanaoshikilia kwamba kuuhangaikia uso baada ya kung'olewa jino ni kujipenda na kuitukuza dunia. Hawa nataka kuwarudisha chuoni. Maalimu wetu alitufundisha makharija kwa kidole chake: hii yatoka kooni, hii kwenye kaakaa, hizi ncha ya ulimi yagusa ncha za meno ya mbele ya juu. Thaa, dhali na dhwaa, zote tatu maskani yake ni pale. Faa nayo yataka meno ya juu yaushike mdomo wa chini. Na tukiiacha Kiarabu tukaja kwenye lugha yetu wenyewe, sisi watu wa Mvita tuna t mbili, moja ya kwenye meno na moja ya kwenye ufizi, na asiyezipambanua tunamjua mara moja kwamba ni mgeni. Ondoa jino moja la mbele, na upepo utatafuta njia yake. Kwa siku kama kumi hivi thaa yangu ilikuwa yapiga mluzi. Baadaye ulimi ulianza kujifunza, maana ulimi ni mwanafunzi hodari, lakini siku zile kumi nilijiona mgeni katika kinywa changu mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwa kisomo na tungo, uso na sauti yake havitengani.

Hata hivyo, hofu isiyopata maelezo huzaa balaa. Binti mmoja katika jamaa zetu alikuwa karibu ya kuolewa, na gego lake la chini limeoza. Alishauriwa ling'olewe. Akakataa, kwa kuwa aliambiwa na wenziwe ati gego likitoka shavu hubonyea, na bibi harusi ataonekana mzee katika picha. Akalivumilia kwa karafuu na vidonge kwa muda wa miezi mitatu, mpaka usaha ukashuka chini ya taya, shingo ikavimba, akawa hawezi kumeza hata mate, na kupumua kwake ni kwa taabu. Akalazwa. Uchafu wa jino ukishuka shingoni huweza kuziba njia ya pumzi na kuua, si maneno ya kutishana haya. Alhamdulillahi alipona. Naam, mtasema alikuwa mpumbavu. Mimi nasema hakupata mtu wa kumwambia ukweli, kwa sababu kila aliyemuuliza alimjibu kama nilivyojibiwa mimi barazani.

Ukweli wenyewe, kama ninavyoufahamu, ni huu. Uvimbe wa baada ya kung'olewa jino huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka, na aghalabu ikifika wiki moja au mbili uso umesharejea. Anayejitazama kiooni siku ya tatu autazama uvimbe, hautazami uso wake. Gego moja likitoka, hata yale magego ya mwisho yanayoota ukubwani, shavu halibonyei wala taya halichongoki. Shavu limeshikwa na nyama, mafuta na mfupa wa uso; halikutundikwa kwenye gego. Binti yule angelitoa gego lake mwezi wa kwanza, akapigwa picha zake zote, na asingetambua mtu.

Lakini sitaki kuwadanganya kwa upande wa pili vilevile. Yako mabadiliko ya polepole, nayo ni ya kweli. Mfupa unaoushika mzizi uko pale kwa ajili ya jino. Jino likihama, nao huanza kufunga virago: imepimwa ikaonekana kwamba upana wa ukingo ule wa taya huweza kupungua karibu nusu ndani ya mwaka 1, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Meno ya jirani nayo huanza kuliinamia pengo, na jino la taya la pili, kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, hujitokeza nje ya safu kumtafuta. Kwa jino moja la nyuma, mtu wa nje haoni kitu. Lakini yakitoka magego yote, pande zote mbili, yasirudishiwe, hapo kidevu huisogelea pua, midomo huingia ndani, na mikunjo hujichora pembeni mwa mdomo. Ule ndio uso wa kibogoyo, ambao sisi tumezoea kuuita uso wa uzee. Kumbe sehemu kubwa yake si umri, ni mapengo yaliyoachwa.

Kwa hivyo anayeliuliza pengo lake mapema hana kosa. Ana haki ya kuuliza kabla mfupa haujaondoka.

Hapo ndipo hutokea mwenye kilemba akaniambia: huko ni kuyabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ina asili. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwalaani wanaoyachonga meno yao ili kutia mwanya kwa ajili ya uzuri. Na sisi wa pwani ni wagonjwa wa mwanya. Sijui ni malenga gani kati yetu hakuusifu, nami nikiwamo. Lakini hebu tusome vizuri. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi twamtegemea, alieleza kwamba kinachokatazwa ni kile kinachofanywa kwa kutafuta uzuri tu, ama kinachohitajiwa kwa tiba au kwa kasoro ya jino, hakina ubaya. Aliyekwenda kwa tupa kujitengenezea mwanya ambao hakuzaliwa nao, na aliyekwenda kuliziba pengo ambalo hakulitaka, hawa wawili hawakukutana njiani.

Kisha iko habari ya Arfaja bin Asad. Mtu huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajitilia pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Dhahabu, jamani, ambayo wanaume tumeharimishiwa kuivaa! Hadithi hiyo imo katika Abu Dawud na Tirmidhi, na wanazuoni wameitegemea katika kuruhusu meno yafungwe kwa dhahabu. Lau uso wa mtu ungekuwa ni kitu cha kupuuzwa, Arfaja angeambiwa asubiri pua yake ya Peponi. Na bwana huyo aliyempa ruhusa, mwenyewe jino lake la mbele lilivunjwa na mdomo wake ukapasuliwa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijria. Jino huumiza kwa kila mtu.

Sisemi kwamba pengo ni aibu popote lilipo. Ndugu zetu Wajaluo katika desturi zao za zamani walikuwa wakiyang'oa meno 6 ya mbele ya chini, na hilo lilikuwa alama ya mtu aliyekwisha kukua. Kwao wakati huo, mwenye meno yote ndiye aliyekuwa na upungufu. Tofauti ni kwamba lile lilikuwa pengo la jamii nzima, mtu alilipokea akishuhudiwa na wenziwe. Langu mimi lilinijia peke yangu, Jumatatu asubuhi.

Sasa nairudia methali yetu. Walioitunga hawakusema uongo. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara zikipakiwa katika bandari za pwani hii hii, na huko Ulaya na Marekani mafundi waliichonga pembe, ya ndovu na ya kiboko, ikawa meno hasa. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliposhika madaraka mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino 1 tu la kuzaliwa nalo. Meno aliyotiwa yalikuwa mchanganyiko wa pembe ya kiboko, meno ya wanyama na ya watu, madini na springi. Na daftari lake la hesabu la mwaka 1784 limeandika malipo ya meno 9 yaliyonunuliwa kwa watu weusi. Pamoja na gharama hiyo, itazameni sura aliyochorwa na Gilbert Stuart mwaka 1796: midomo imefumbwa kwa nguvu, na mdomo wote umefura kama aliyetiwa pamba. Pembe ikikaa mdomoni hugeuka rangi, huoza na hunuka. Naam, kwa jino la namna hiyo methali imesema kweli tupu.

Lakini methali iliyosema kweli juu ya pembe haifai kuwa fatwa juu ya kila jino. Leo kuna meno ya plastiki ya kutia na kutoa. Kuna daraja linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, ingawa jirani hana budi kuchongwa ili alibebe. Na kuna skurubu ya titani inayotiwa ndani ya mfupa wenyewe, ukaishika kama uushikavyo mzizi. Kazi hiyo ilianzwa kwa binadamu mwaka 1965 na Mswidi aitwaye Per-Ingvar Brånemark.

Ila bei. Hapa ndipo ninapokasirika. Kulitibu jino mzizi na kulihifadhi ni ghali. Kuling'oa ni rahisi. Basi mtu wa kipato kidogo hung'olewa jino ambalo lingeokolewa, kisha dawa ya kulirudisha huwa ghali zaidi kuliko ile iliyomshinda kwanza. Hivyo ndivyo watu wetu wanavyofika miaka hamsini wana nyuso za miaka themanini, nasi twawaambia washukuru. Nawausieni: ukiambiwa jino ling'oke, uliza kwanza kama laweza kupona. Likiwa halina budi, uliza siku hiyo hiyo litarudishiwa nini, na lini. Na likishatoka, usinywe dafu kwa mrija wala usivute sigara siku zile za mwanzo, maana ile damu iliyoganda shimoni ndiyo bandeji yako, na ukiifyonza ikatoka utajuta siku ya tatu. Maji ya chumvi yasubiri mpaka siku ya pili.

Ama mimi nimetia jino la plastiki, kwa kuwa ndilo lililoafikiana na mfuko wangu. Siku za mwanzo lilinitapisha, na mahamri yakanishinda. Mke wangu akanambia, "Baba watoto, wazungumza kama una tende mdomoni." Usiku hulala katika gilasi ya maji, na mjukuu wangu huja kila asubuhi kulitazama, akaniuliza kama limeamka.

Mfungo Sita umekaribia tena. Juzi baada ya sala ya Isha nilikitoa kitabu kabatini, nikajifungia chumbani nikausoma mlango wangu mwanzo mpaka mwisho kwa sauti. Thaa ilitoka. Dhali ilitoka. Dhwaa bado yapiga mluzi kidogo.