MAPOROMOKO MADOGO NDANI YA LUPANGO



Kuna jamaa ambazo zimechimba bwawa dogo la samaki nyuma ya nyumba, na vijana wao wanapenda maji yaanguke juu ya mawe ili lupango ipendeze. Si jambo baya. Miti ya bustani ya Edeni ilikuwa ya kupendeza macho pamoja na ya kuliwa (Mwanzo 2:9).

Lakini kijana mmoja aliniuliza hivi: "Pasta, tulijenga muzuri sana, tukapanga mawe ya malakiti. Sasa samaki zinakufa tu. Ni jirani anatuloga?"

Hapana, kijana wangu. Acha jirani. Tazama mawe yako.

Jiwe la rangi ya majani linalotoka kwenye karieri zetu lina shaba ndani yake. Mezani ni pambo zuri. Ndani ya maji, hasa maji yenye uchungu kidogo, shaba inatoka polepole. Mtu haioni, lakini samaki anaumia pale anapopumulia. Shaba kidogo sana inatosha kumuua. Maji yanaweza kubaki meupe kabisa, na samaki wanakufa.

Basi, namna ya kutengeneza maporomoko yenye uzuri na uzima:

1. Mawe. Musitumie jiwe la rangi ya majani, la bluu, wala lile linalong'aa kama dhahabu. Musichukue mawe kwenye vilima vya takataka za mine, wala yale meusi mazito yaliyotoka kwenye tanuru ya shaba. Mutafute mawe ya kawaida, mbali na karieri, muyasugue kwa maji tu bila sabuni.

2. Kimo. Wengine wanataka Lofoi ndani ya lupango! Kule Kundelungu maji yanaanguka zaidi ya metre 300. Kwenu nusu metre inatosha. Mufuate mfano wa Kiubo, kwenye mto Lufira: maji yanashuka kwa upana. Maji machache yakianguka kwa upana juu ya jiwe bapa, yanaonekana mengi.

3. Mupango. Mawe makubwa yakae chini, madogo juu na pembeni, yasipangwe sawasawa kama meno. Jiwe la mwisho litokeze mbele na kuinama kidogo, maji yaruke, yasirudi nyuma kwenye ukuta. Tiyo ifichwe nyuma ya mawe na majani. Chini ya mawe mutie udongo wa mfinyanzi au simenti, bila hivyo maji yatapotea katikati ya mawe.

4. Simenti na maji ya robine. Simenti mpya inachoma samaki. Mujaze bwawa, mungoje siku kadhaa, mumwage. Mufanye hivyo mara tatu mbele ya kutia samaki. Maji ya robine yana dawa. Yakae wazi ndani ya pipa siku mbili.

5. Pasipo kura. Pompi si lazima. Muweke pipa la litre 200 juu ya matofali. Mangaribi vijana wajaze kwa ndoo maji ya bwawa lenyewe. Robine ikitoa litre 5 kwa dakika, maji yataanguka dakika 40. Mufungue alfajiri. Kwa nini alfajiri? Usiku majani ya ndani ya maji nayo yanatumia hewa, na asubui samaki wanakuja juu wakifungua kinywa. Maji yanayoanguka yanawaletea hewa. Kumbe urembo huu ni kazi pia!

6. Watoto na mbu. Muzungushe kibambazi, mtoto mdogo asiingie. Na maji yasilale katikati ya mawe, maana mbu wanazaa pale.

Wewe ambaye samaki zako zimekufa: usizile, wala usiziuze. Toa mawe yote, mwaga maji mbali na bustani ya mboga na kisima, ondoa na matope ya chini. Kisha jaribu na samaki wachache mbele ya kutia wengi. Na kama maji yako yanatoka mto unaopita kwenye mine, hata mawe mazuri hayatasaidia. Tafuta maji mengine.

Watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba muji wao ulikaa mahali pazuri, lakini maji yalikuwa mabaya (2 Wafalme 2:19-22). Elisha hakupamba muji. Hakutia chumvi ndani ya mitungi ya watu. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi. Sisemi mutie chumvi ndani ya bwawa! Nasema twende mpaka mahali ubaya unapoanzia. Ni vyepesi kumutaja jirani kuwa mulozi kuliko kugeuza jiwe tulilolipenda sisi wenyewe. Samaki watapatikana tena kwa feza kidogo. Jina la jirani likisha kuharibika katika avenue yote, nani atalinunua?

Kama umekwisha kulisema neno lile, nenda kwake leo. Uende mbele ya kwenda kununua samaki wapya.

Kwa mazungumzo ya jamaa:
– Nyumbani mwetu, ni kitu gani kinapendeza macho lakini kinaumiza?
– Je, kuna mtu tuliyemushitaki bila kuchunguza?

Mungu awabariki.