Mshauri Hana Jeshi

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kauli hii hutajwa sana katika hotuba za viongozi wa Afrika, ila ni nadra kutekelezwa. Balozi akistaafu huagwa kwa karamu, kisha tajriba yake hufungiwa kabatini pamoja na mafaili yake. Maisha ya Dakta Salim Ahmed Salim yanadhihirisha hasara ya mtindo huo.

Mzaliwa huyu wa Pemba aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22 tu. Baadaye aliiwakilisha Tanzania nchini India na Uchina, na kuanzia mwaka 1970 katika Umoja wa Mataifa. Huko alikuwa miongoni mwa waliotetea Jamhuri ya Watu wa Uchina ipewe kiti chake mwaka 1971. Alipowania ukatibu mkuu wa Umoja huo mwaka 1981, Marekani ilimpinga kwa kura ya turufu mara kwa mara hadi akajiondoa. Hata hivyo, hakususa. Aliuongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001.

Baada ya hapo alikabidhiwa kazi isiyo na amri wala askari: kusuluhisha na kushauri. Aliongoza mazungumzo ya Darfur kwa niaba ya Umoja wa Afrika. Mnamo tarehe 5 Mei 2006 mkataba ulitiwa saini mjini Abuja, lakini makundi muhimu ya waasi yaliukataa na vita vikaendelea. Mwaka 2007 akawa mmojawapo wa wanachama watano wa kwanza wa Jopo la Wenye Hekima, chombo cha kulishauri Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo.

Wapo wanaodai kwamba ushauri usio na nguvu nyuma yake ni kelele za chura. Hoja hii haitoshi. Mjini Abuja mshauri aliitwa moto ukiwa umekwisha kushika paa. Lawama hazimstahili yeye peke yake. Isitoshe, hao waliotegemea bunduki hawakuileta amani Darfur.

Kwa hivyo, yafaa wizara za mambo ya nje ziwaketishe mabalozi wastaafu mezani kabla ya uamuzi kupitishwa, si baada ya mambo kuharibika. Aidha, kumbukumbu zao zinakiliwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Umoja wa Afrika uliipitisha kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022. Kazi hiyo ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Silaha ya mshauri ni neno, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini la mkuu litasikika vipi iwapo halikuandikwa?