INGER ALIKUFA KWELI AO HAPANA?



Tangu tulipoona ile filme ya Denmark, Ordet, maana yake Neno, mabishano hayaishi: ku chumba cha kulia, ku vyumba vya kulala, hata saa ya kufagia. Yule muke alikuwa amekufa kweli ao alizimia tu? Wengine wamefikia kutukanana. Kwa hiyo sisi wa gazeti tunapenda kutoa mawazo yetu.

Kwanza kwa wale ambao hawakuiona. Carl Theodor Dreyer aliitengeneza, na mwaka 1955 ilipata zawadi ya Simba wa Zahabu kule Venice. Hadisi yenyewe iliandikwa na pasta Kaj Munk, yule ambaye Wanazi walimuua mwezi wa kwanza 1944. Muzee Borgen, mulimaji, ana wana watatu. Mikkel haamini Mungu. Johannes amerukwa na akili kwa kusoma sana vitabu vya Kierkegaard, anajiita Yesu. Anders anataka kuoa binti wa Peter, mushonaji wa nguo. Borgen na Peter wote ni Wakristo, lakini kila mumoja anasema imani ya mwenzake haifai. Inger, muke wa Mikkel, anakufa kwa kuzaa. Mwishoni, mbele ya sanduku, Johannes anamuita, naye anafungua macho.

Angalieni vizuri namna Dreyer anavyofanya. Usiku ule munganga anaondoka na motokari. Mwangaza wa taa unapita ukutani. Johannes anasema kama ni Kifo kinapita na mundu wake. Sisi tulicheka: ni taa tu! Lakini kisha dakika kidogo Mikkel anatoka chumbani, anasema Inger amekufa. Basi ilikuwa taa ao Kifo? Dreyer hajibu. Tena Johannes anatoroka kwa dirisha, wanamutafuta bure, na siku ya maziko anarudi na akili timamu. Nani alimuponyesha? Hatukuonyeshwa kitu.

Sasa juu ya Inger. Wanaosema alizimia tu, maneno hayo wameyatoa wapi? Munganga alikuwa naye usiku ule. Saa ya ukutani imesimamishwa. Sanduku liko karibu kufungwa. Hakuna mutu hata mumoja katika filme anayesema munganga alikosa. Maelezo hayo yametoka kwetu, hayakutoka ku filme. Sisi tunasema: Inger alikufa.

Lakini wanaosema "ni muujiza, basi, mambo imekwisha", nao wanakimbia mbio. Kama ni neno tu, juu ya nini Johannes alishindwa mara ya kwanza? Usiku ule ule alisimama karibu na maiti, akajaribu, akaanguka chini. Wakati ule alikuwa anajiita Yesu. Mara ya pili hajiite tena Yesu. Ana akili, na Maren, binti mudogo wa Inger, yuko kando yake, anamuambia afanye haraka. Ni imani ya mutoto iliyofanya kazi? Ni Johannes aliyepona? Filme inaweka vyote mbele yetu, kisha inanyamaza.

Tunaona kama swali kubwa ni lile Johannes analouliza nyumba nzima: juu ya nini hakuna hata mumoja wenu aliyefikiri kumuomba Mungu amurudishe Inger? Pasta yuko pale. Borgen yuko pale, muzee wa sala. Maneno ya kufariji walikuwa nayo, kuomba, hapana. Wakubwa walibishana imani ya nani ni ya kweli, na aliyeomba ni mutoto. Tusisahau tena: mbele ya sanduku lile, mbele Inger hajaamuka, Peter alikuja kupatana na Borgen, akamupa Anders binti yake. Kwa watu wawili wenye shingo ngumu namna ile, hiyo nayo si jambo dogo.

Na sisi je? Juma hili mwenzetu mumoja alisema munganga alikosa. Wakamuita mupagani, na sasa wengine hawakai naye mezani. Maelezo yake hatuyakubali, tumekwisha kueleza sababu. Lakini kumuita mupagani, hapana! Mikkel hakuamini, na Inger hakumudharau hata kidogo. Aliona moyo wake ni mwema, akatumaini kama imani itakuja. Kama tunabishana juu ya filme hii mpaka tunafukuzana mezani, basi sisi ndio Borgen na Peter, na hatukuelewa kitu.

Kwa hiyo tunaomba hivi: anayesema muujiza atoe sababu kutoka ku filme, na anayekataa afanye vilevile. Wenye mawazo mengine waandike ukurasa mumoja, tutauchapa. Na yule mwenzetu, mumuitie kiti.

Kikundi cha gazeti