Kasha la bibi likienda kwenye filamu, tuandikiane

Filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Inahusu Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu kama hiyo haiaminiki bila mtu wa kutafuta mabuibui, kanzu, kofia na taa za zama zile. Hiyo ni kazi, na ina malipo yake.

Hapa Pemba tunao mafundi cherehani, washona kofia na makasha ya wazee wetu. Hatari ni kuazimisha kwa mdomo tu. Tukio moja hurudiwa mara nyingi. Nguo huchakazwa makusudi, taa huvunjika.

Kwa hiyo, kabla hujatoa kitu, kipige picha kwa simu. Andikianeni: kinakodishwa siku ngapi, kwa kiasi gani, na kikiharibika nani atalipa.

Na kijana anayeitaka fani hii aanze na sindano na daftari. Aandike kila tukio: nani alivaa nini, na kifungo kipi kilikuwa wazi. Kesho yake mwigizaji lazima aonekane vilevile.