Maji Lodwar, Stima Lessos

Kila serikali ikitaka kutuonesha kuwa uchumi unakua, hutusomea megawati. Mimi naomba tutazame Turkana, maana huko hesabu hiyo inagoma.

Bwawa la Turkwel liko mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana. Linatoa stima tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 106. Maji yakishazungusha mitambo hufuata mto mpaka Lodwar. Stima yenyewe ilivutiwa waya kwenda Lessos, upande wa Eldoret, ikaingia gridi ya taifa. Lodwar, mji ulio kando ya mto huohuo, ukaachiwa jenereta za dizeli miaka na miaka.

Na dizeli yenyewe huingilia wapi nchini? Hapa kwetu, bandari ya Mombasa. Kwa kuwa bei ya stima ni moja nchi nzima, ughali wa jenereta hizo tunagawana sote, katika ile gharama ya mafuta unayokatwa ukinunua tokeni. Kisha Agosti 2019 mapipa 200,000 ya mafuta ghafi ya Lokichar, yaliyoletwa kwa malori, yakapakiwa meli papa hapa Mombasa yakauzwa ng'ambo. Ghafi yashuka, dizeli yapanda.

Wako watakaosema Turkana hakuna viwanda, stima ya nini? Basi waende Kakuma. Kambi ilifunguliwa 1992. Mwaka 2018 shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilihesabu biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini, na soko la kama dola milioni 56 kwa mwaka. Hayo yote bila gridi. Mwenye jenereta huvuta waya kwa majirani, kinyozi na muuza soda baridi wakamlipa. Baadaye sola ikafika Kalobeyei, lakini haijawafikia wote. Mtu anayekubali kununua stima ghali namna hiyo ana kazi nayo, wallahi.

Kalokol, kando ya ziwa, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakikudumu. Maji safi yalikuwa shida, na kugandisha samaki katika joto lile kulikula stima ghali mno. Mpaka leo samaki wengi wa ziwa hilo hutoka wakiwa wakavu. Sisi wa pwani twajua tofauti ya bei ya ng'onda na ya samaki wa barafu.

Ndiyo maana sishangilii megawati. Uchumi hukua pale stima inapotiwa kazini, na waya ndio huamua ni wapi. Ule mradi wa makaa ya mawe wa Lamu, ulionyang'anywa leseni mahakamani 2019, ulikuwa wa megawati 1,050. Tuliuliza sana juu ya moshi na samaki, na tulifanya vyema. Wachache waliuliza waya. Ulipangwa kwenda Nairobi.