Noah ya vioo vyeusi: barua kwa ndugu zangu wa Nateete

Ndugu zangu wa Nateete, kuanzia mzunguko wa Busega mpaka kwenye karakana ya reli Nalukolongo, na ninyi wa Wakaliga mnaoringa kwa sababu sinema zinatengenezwa mtaani kwenu, barua hii ni yenu.

Sisi huku Waltham, Massachusetts, hatujambo. Baridi tumeizoea, bili ndizo zinazotushinda. Waganda tumejaa mji huu hata mtu anaweza kumaliza Jumamosi nzima bila kusema Kiingereza. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mtaa wetu tangu zamani ni wa kila mtu, Waganda, Wanubi, Wanyarwanda, Wakongomani waliokimbia vita vya Kivu, na mambo ya barabarani hapo kwetu yote huishia kwenye Kiswahili cha askari.

Mnajua kilichonifanya nishike kalamu. Mtoto wa kaka yangu, anayeendesha lile gari la familia aina ya Noah kwa kazi za spesho, yaani teksi ya kukodi, alisimamishwa na trafiki kwenye Masaka Road akaandikiwa tiketi kwa ajili ya vioo vyeusi. Tangu siku hiyo kundi letu la WhatsApp limegeuka bunge. Mmoja anasema askari alikuwa na njaa. Mwingine anasema ni siasa. Mjomba, ambaye hajawahi kukanyaga nje ya Afrika Mashariki, ametuma ujumbe wa sauti mrefu kueleza kwamba Marekani mambo ya kijinga kama hayo hayapo. Na kila mmoja anamalizia kwa kunitaja: shangazi aseme.

Basi nasema. Sheria ya vioo vyeusi mimi naiunga mkono. Ninachokilalamikia ni kwamba ikifika kwenye Noah ya kijana wetu inachoka, haiendi mbele.

Tukumbushane. Novemba 2020 mgombea urais Bobi Wine alikamatwa Luuka, vurugu zikazuka, na zaidi ya watu 50 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Miezi iliyofuata, kabla na baada ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, HiAce zenye vioo vyeusi, nyingine hazina namba kabisa, zilikuwa zinapita mitaani zikizoa vijana. Ninyi wenyewe mkazipa jina la drone. Machi 2021 Jenerali Jeje Odongo, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alipeleka bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa mikononi mwa jeshi. Watu 177 hawapandi boda kwenda kujifungia wenyewe. Walibebwa na magari, magari hayo yalipita barabarani mchana kweupe, yakapita kwenye mizunguko ileile ambako trafiki husimama na mashati yao meupe. Nimetafuta sana habari ya drone moja iliyoandikiwa tiketi ya vioo. Kama ninyi mnaifahamu, nitumieni.

Hili si la Uganda peke yake. Wakenya ninaofanya nao kazi wanasimulia jinsi vijana wa Nairobi mwaka 2024, wakati wa maandamano ya muswada wa fedha, walivyokuwa wakiiona Subaru isiyojulikana ikipunguza mwendo wanakimbilia dukani. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu mnaoishi hapo Nateete, ninyi hata sihitaji kuwaeleza.

Sasa tazameni upande wa pili. Tarehe 1 Juni 2021, pale Kisaasi, watu waliopanda pikipiki waliimiminia risasi gari la Jenerali Katumba Wamala. Binti yake na dereva wake wakafa, yeye akapona. Nchi nzima ikauliza: wauaji wanapitaje mjini bila kutambuliwa? Jibu la serikali, lililokuwa likizungumzwa tangu mauaji ya afisa wa polisi Kaweesi mwaka 2017 na ya mbunge Abiriga mwaka 2018, likawa namba za kidijitali kwa kila gari na kila pikipiki. Mwaka huohuo wa 2021 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kirusi. Kufika Juni 2025, mitambo ya namba hizo na kamera zake ikaanza kuwapiga watu faini yenyewe, bila askari, kwa mwendo wa kasi, na kilio kilichozuka mnakikumbuka kuliko mimi. Haikumaliza hata wiki mbili ikasimamishwa na Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ambayo waziri wake alikuwa nani? Katumba Wamala yuleyule.

Mimi simlaumu. Ila naona jinsi kitu kilivyoanza kama dawa ya wauaji kikaishia kuwa bili ya dereva wa takisi aliyepita kamera kwa haraka. Mwananchi anatakiwa aonekane: namba yake isomwe, uso wake uonekane kupitia kioo. Gari la kuogopwa lenyewe halina namba ya kusomwa. Kwa hiyo kijana wetu anapokasirika namwelewa, ingawa plastiki ile ya kutia vioo giza aliibandika mwenyewe na pesa akalipa.

Nije kwa mjomba na Marekani yake.

Mjomba, vioo huku vina sheria, tena kali. Massachusetts inataka kioo cha ubavuni kipitishe angalau asilimia 35 ya mwanga. Ukishikwa, faini inaweza kufika dola 250, na ukihukumiwa mara ya tatu wanaweza kukunyang'anya leseni hadi siku 90. Dada mmoja Mkenya tunayelea naye wazee zamu ya usiku alisimamishwa akitoka kazini. Askari akamwambia ateremshe kioo nusu, akatoa kidude cheusi chenye mwanya katikati, akakivisha kwenye ukingo wa kioo kama unavyobana kibanio cha nguo kwenye kamba. Namba ikawaka: 22. Hakubishana, ubishane na nini? Alipewa karatasi yenye siku 20 za kuomba kusikilizwa. Akaenda gereji wakaibandua plastiki, akaingia mbele ya karani wa mahakama na risiti mkononi, na faini wakamfutia.

Hapo mjomba utapiga makofi. Ngoja kwanza.

Kipimo ni kilekile kwa kila kioo, lakini anayechagua kioo gani kipimwe ni mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali mwaka 1996, katika kesi ya Whren, kwamba kosa dogo la barabarani linatosha kumsimamisha dereva hata kama askari ana jambo lingine kichwani. Tangu hapo kioo cheusi kimekuwa kisingizio kizuri sana, hasa kwa mtu mwenye rangi yetu. Desemba 2020, katika mji mdogo wa Windsor, jimbo la Virginia, luteni wa jeshi aitwaye Caron Nazario, amevaa sare zake, alisimamishwa akiendesha gari jipya. Askari aliripoti kwamba gari lina vioo vyeusi na halina namba. Namba ya muda ilikuwapo, imebandikwa ndani ya kioo cha nyuma. Nazario aliendesha polepole mpaka kituo cha mafuta chenye taa ndipo akasimama. Askari walimwelekezea bunduki na kumpulizia pilipili machoni akiwa bado kwenye kiti. Alipowashtaki, jopo la juri mwaka 2023 lilimpa dola 3,685. Hiyo ndiyo Marekani yako, mjomba. Lakini niseme na hili: kuanzia Machi 2021, Virginia ina sheria inayomkataza askari kusimamisha gari kwa sababu ya vioo vyeusi peke yake. Watu walipiga kelele, na kelele zikaingia kwenye kitabu cha sheria.

Ndiyo maana sitaki kusikia mtu akinitajia huku kana kwamba ni peponi. Nikisimamishwa usiku, nateremsha vioo vyote vinne hata theluji ikiingia, nawasha taa ya ndani, naweka mikono juu ya usukani. Hakuna aliyenifundisha darasani. Unafundishwa na habari za jioni.

Kilicho bora huku ni kile kidude tu. Na hicho ndicho Nateete tunapaswa kukidai. Askari anapotazama kioo kwa jicho, giza linakuwa vile anavyotaka yeye: jioni ni jeusi zaidi, na mwisho wa mwezi ni jeusi kabisa. Akiwa na kipimo, mnasoma namba pamoja. Mwenyekiti wetu wa mtaa (LC), polisi wakija tena kwenye mkutano wa mtaa kuzungumza habari za usalama, nakuomba uwaulize maswali mawili mbele ya watu: kipimo kiko wapi, na magari ya usalama yenyewe nani anayapima? Uliza kwa adabu, uliza kwa Kiswahili, na uandike majibu.

Tiketi yenyewe sasa. Mpwa wangu, mfumo huu wa faini za papo hapo uko Uganda tangu 2004 na haujabadilika katika jambo moja: karatasi ile ni kwa anayekubali kosa. Ukikubali, unalipa benki. Usipokubali, mahali pa kusema ni mahakamani, si pembeni ya barabara huku abiria wanakusubiri. Chai usitoe. Ukitoa chai leo, kesho wewe ni mteja, askari ataijua Noah yako kutoka mbali kama anavyomjua muuza rolex wake.

Kabla hujaamua, fanya hivi. Teremsha kioo vidole viwili, pitisha ukucha kwenye ukingo wa juu. Ukihisi kijimdomo, ukucha ukakwama, hiyo ni plastiki ya kubandikwa. Ukiteleza moja kwa moja, ni kioo kilichotoka hivyo kiwandani Japani, rangi imo ndani ya kioo chenyewe, huwezi kuibandua hata ukilia. Noah nyingi zinakuja na vya nyuma hivyo. Naamini vya mbele ulivibandika wewe, na vya nyuma vimekuja navyo. Hiyo ni tofauti ya kumwonyesha askari pale pale, kwa upole, kwa ukucha wake mwenyewe.

Najua kwa nini ulibandika. Jam ya Nateete saa kumi na mbili jioni, mkono unaingia dirishani na simu imeondoka. Umeniambia, na nakuamini. Lakini ipo plastiki isiyo na rangi, inashika kioo kisimwagike kikipigwa, na ndani unaonekana vizuri. Hiyo naweza kuchangia. Na mwenye ngozi au macho yasiyovumilia jua, kama ndugu zetu wenye ualbino, huku anapeleka barua ya daktari anaruhusiwa. Na hapo kwetu anastahili njia kama hiyo, si kufokewa barabarani.

Kingine nilikuwa nisikitaje, lakini mama mmoja wa mtaani amenipigia. Anasema Noah hiyo ikisimama usiku nje ya lango, injini inanguruma, uso hauonekani, yeye huita watoto ndani na kufunga mlango mpaka asikie sauti yako. Anakufahamu tangu unanyonya. Haogopi wewe, anaogopa gari lako. Tiketi ya trafiki uilipe au uipeleke mahakamani, shauri yako. Mama huyu ndiye sababu yangu mimi ya kukuomba vya mbele uvibandue wiki hii.

Mpelekee fundi wa Ndeeba, siyo yule wa kando ya barabara mwenye kisu. Aipashe plastiki joto, ailoweshe kwa maji ya sabuni, aivute kuanzia pembe ya juu taratibu. Kioo cha mlango hata wembe unafaa kwa kusafisha gundi iliyobaki. Kama kuna plastiki na kwenye kioo cha nyuma kabisa, hapo asiguse kwa wembe, kwa sababu zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu atazikwangua zote, na mvua ya Novemba ikija utakuwa unarudi kinyumenyume gizani.

Nusu ya faini nitaituma Ijumaa nikilipwa. Nusu nyingine ni yako, na mjomba asikuchangie, yeye achangie nauli aje huku aone mwenyewe.

Nisalimieni wote, wakubwa kwa wadogo.

Shangazi yenu wa Waltham